Filamu ya kesi ya Kanali Billy Mitchell (1955): ipi ni historia na ipi ni chumvi?

PaziaJeupe:
Wakuu, salaam. Kuna kundi la wanafunzi wa sheria wanaotaka kuonyeshwa filamu moja ya mahakamani kisha waijadili, na iliyopendekezwa ni ya Otto Preminger, *The Court-Martial of Billy Mitchell*, Gary Cooper akiwa mhusika mkuu. Naomba kujuzwa haya na wanaoifahamu vizuri:

1. Mitchell, yule kanali wa jeshi la Marekani aliyepigania ndege za kivita, alishtakiwa kwa kosa gani hasa? Filamu inampa mtazamaji picha kwamba alishtakiwa kwa kuamini ndege.
2. Lile jaribio la kuizamisha manowari ya Kijerumani lilikwenda kama linavyoonyeshwa?
3. Pale mwendesha mashtaka anapomkejeli kwa kutabiri kwamba Japani itashambulia Hawaii, ni kweli au waandishi wamejitungia baada ya vita?
4. Ipo nakala nzuri ya kuonyesha ukumbini? Niliyonayo inakata watu pembeni.

Kifungu96:
Mkuu, nianze na la kwanza, maana ukilikosea hilo mjadala wote utakwenda upogo.

Mitchell hakushtakiwa kwa kuamini ndege. Alishtakiwa kwa kusema. Tarehe 5 Septemba 1925, akiwa San Antonio, Texas, aliwapa waandishi wa habari taarifa ya maneno takriban 6,000. Ndani yake alisema ajali za anga za siku zile zilitokana na kutojua kazi, uzembe wa kijinai, na uendeshaji wa ulinzi wa taifa "unaokaribia uhaini", na alizozinyooshea kidole ni Wizara ya Vita na Wizara ya Jeshi la Majini. Huyu ni kanali aliye kazini, amevaa sare, hajaomba ruhusa ya mtu.

Mashtaka yakaletwa kwa amri ya Rais Coolidge chini ya Kifungu cha 96 cha Sheria za Vita za Marekani. Waelezeni wanafunzi kwamba kifungu hicho kilikuwa kapu. Kilibeba kila mwenendo unaovuruga nidhamu au kulitia jeshi aibu ambao haukutajwa kwenye vifungu vingine. Shtaka lilikuwa moja, lakini lilikuwa na maelezo ya makosa manane chini yake, na yote yalizunguka matamshi yake.

Sasa angalia mtego alioingia wakili wa utetezi, Frank Reid, mbunge wa Illinois (kwenye filamu ni Ralph Bellamy). Upande wa mashtaka ulikuwa na kazi nyepesi: kuthibitisha kwamba Mitchell alitamka maneno yale, kisha kukaa chini. Mwenyewe hakukana kuyatamka. Kama aliyoyasema ni kweli au si kweli, kwa mwendesha mashtaka hilo halikuhusu, kwa sababu ofisa anaweza kusema kweli tupu na bado akavunja nidhamu. Njia pekee ya Reid ilikuwa kuupitisha ushahidi wa ukweli kwa mlango mwingine: kama sababu ya kupunguza uzito wa kosa. Mlango ukafunguliwa, na mashahidi wakaingia kwa wingi. Wakaja Hap Arnold na Carl Spaatz, ambao baadaye waliliongoza jeshi la anga. Eddie Rickenbacker, rubani aliyehesabiwa ndege 26 za adui katika vita ya kwanza. Na Fiorello La Guardia, mbunge aliyewahi kuwa rubani wa kijeshi huko Italia.

Filamu inauona mvutano huu na kuuonyesha vizuri kuliko filamu nyingi za mahakamani. Inapoteleza ni kwenye hisia: mtazamaji anatoka akidhani kwamba ushahidi ulipoingia, kesi iligeuka. Haikugeuka. Ulikuwa ushahidi wa kupunguza adhabu, na hata ungekuwa mlima, usingeweza kumtoa mtu hatiani.

Mengine ya utaratibu kwa ufupi. Kesi ilianza 28 Oktoba 1925 na kuisha 17 Desemba, wiki saba, ndani ya Emery Building, jengo kuukuu lililowahi kuwa ghala hapo Washington. Jopo lilianza na majenerali 12 pamoja na Kanali Blanton Winship, mwanajopo wa sheria. Watatu waliondolewa kwa pingamizi za utetezi. Hakuna hata mmoja katika jopo aliyekuwa rubani. Kura ilikuwa ya siri na theluthi mbili zilitosha kumtia mtu hatiani, kwa hiyo msitafute ile tamthilia ya mjumbe mmoja anayegoma na kuikwamisha kesi.

MrukaMawingu:
La pili na la tatu niachieni mimi.

Manowari ni *Ostfriesland*, ya Ujerumani, iliyokabidhiwa kwa Marekani baada ya vita. Ilikuwa na tani karibu 22,800, na iliwahi kugonga bomu la majini ikirudi kutoka vita ya Jutland mwaka 1916 ikafika bandarini salama. Ndiyo maana wanamaji walitamba nayo kwamba haizami. Kabla yake, Julai 1921, brigedi ya Mitchell kutoka Langley Field ilikuwa imeshamaliza meli mbili nyingine za Kijerumani: ile ndogo, G-102, tarehe 13, na *Frankfurt* tarehe 18.

*Ostfriesland* ilichukua siku mbili, tarehe 20 na 21. Siku ya kwanza yalitupwa mabomu ya ratili 230 hadi 600, meli ikajeruhiwa na kuanza kuingiza maji kidogo, lakini ikabaki inaelea. Asubuhi ya pili yakaja ya ratili 1,000 hivi. Bado ikaelea. Mchana yakaja ya ratili 2,000, yaani kilo 907 kila moja. Yalitupwa sita, na kati ya bomu la kwanza na meli kutoweka zilipita kama dakika 22.

Hapa ndipo penye utaalamu ambao filamu haina muda nao. Mabomu yaliyoizamisha ni yale yaliyolipuka majini, karibu na ubavu. Meli ya vita inavaa chuma kinene ubavuni juu ya maji na kwenye sitaha, mahali ambapo risasi za mizinga hutua. Chini ya maji ni bati jembamba likilinganishwa na huko juu. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo mlipuko ukitokea ndani yake, kishindo chote kinakwenda kugonga bati, viungo vinaachia na maji yanaingia kwa mkupuo. Mitchell alilijua hilo na aliwaelekeza marubani wake walenge karibu na meli, si lazima juu yake. Mtazamaji asiyejua anaona bomu limekosa na kupiga maji, anasikitika, kumbe hilo ndilo lililofanya kazi.

Kuhusu "kuvunja amri": filamu inaonyesha kana kwamba alitumia mabomu mazito yasiyoruhusiwa. Bomu la ratili 2,000 lilikuwa ndani ya mpango. Ugomvi halisi na wanamaji ulikuwa juu ya vituo vya ukaguzi. Wanamaji walitaka kila awamu isimame, wakaguzi wapande melini, wapime madhara, ndipo awamu nyingine ianze. Kwao lilikuwa jaribio la kupima vyuma. Mitchell alitaka jambo moja tu, meli izame mbele ya wapiga picha. Wakalaumiana mpaka mwisho nani aliharakisha nini.

Na hoja ya wanamaji ilikuwa na mashiko, msiwadharau. Meli ilikuwa imetia nanga, haiendi, haina wafanyakazi wa kuziba matundu, hakuna pampu inayofanya kazi, hakuna mzinga hata mmoja unaorusha risasi juu. Meli inayokwenda kasi na kukata kona ni shabaha nyingine kabisa kwa ndege zinazotupa mabomu kutoka juu zikiwa katika usawa. Vita ya pili ilikuja kuthibitisha hilo: mabomu ya namna ile dhidi ya meli zinazotembea yalikosa mara nyingi sana, na waliozizamisha zaidi walikuwa ndege za kupiga mbizi na za torpedo.

La tatu, utabiri. Haukutungwa baada ya vita. Mitchell alizunguka Pasifiki na Asia mwishoni mwa 1923 na mwaka 1924, akarudi na ripoti ya kurasa 324. Ndani yake aliandika kwamba Japani ingeshambulia Pearl Harbor saa 1:30 asubuhi, na uwanja wa Clark huko Ufilipino saa 4:40. Shambulio la kweli, 7 Desemba 1941, lilianza mnamo saa 1:55 asubuhi. Watu wengi husimama hapo na kupiga makofi.

Lakini soma mbele. Yeye alidhani Wajapani wangekiteka kwanza kisiwa cha Niihau, magharibi ya Oahu (kisiwa chenye Pearl Harbor), wakusanye ndege pale na kuruka kutoka nchi kavu. Meli za kubebea ndege hakuzipa thamani, na kwa miaka mingi alizibeza. Shambulio lenyewe likaja kutoka kwenye meli sita za namna hiyohiyo. Alipata shabaha na saa, akakosa njia. Filamu inakupa nusu ya kwanza tu, kwa sababu mtazamaji wa 1955 alikuwa anaijua tayari nusu ya pili ya hadithi, na anapomsikia mwendesha mashtaka akicheka, yeye ndiye anayemcheka mwendesha mashtaka.

PaziaJeupe:
Shukrani sana wakuu. Mawili ya nyongeza. Yule Jenerali Guthrie anayeongoza mahakama, rafiki yake Mitchell, alikuwepo? Na ni mahakama iliyomvua ubrigedia jenerali?

Kifungu96:
Guthrie ni wa kubuni. Charles Bickford anamchezea vizuri mno, ndiyo maana watu humtafuta kwenye vitabu vya historia wasimpate. Mwenyekiti wa kwanza wa kweli alikuwa Meja Jenerali Charles Summerall. Utetezi ulimpinga kwa sababu ya wazi: yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi huko Hawaii wakati Mitchell anaandika kwamba ulinzi wa anga wa Hawaii ni hovyo. Akaondoka amekasirika, na kiti kikachukuliwa na Meja Jenerali Robert Howze. Kwa maoni yangu, kumweka Guthrie badala ya Summerall ndilo kosa kubwa zaidi la filamu nzima. Walibadilisha mgongano halisi wa maslahi, ambao mwanafunzi wa sheria angeujadili siku nzima, wakaweka huzuni ya marafiki wawili.

Douglas MacArthur, kwa upande mwingine, alikuwemo kwenye jopo kwelikweli, na yeye na Mitchell walifahamiana tangu Milwaukee. Kwenye filamu yupo lakini kama samani. Watu hupenda kubishana alipiga kura gani. Waambieni wanafunzi kura ilikuwa ya siri na wasipoteze saa hapo.

Cheo: hapana. Ubrigedia wake ulifungamana na nafasi ya naibu mkuu wa huduma ya anga. Muda wa nafasi hiyo ulipoisha Machi 1925 haukuongezwa, akarudi kwenye cheo chake cha kudumu cha kanali na kupelekwa San Antonio. Filamu inaubana muda: inamtoa kwenye meli inayozama na kumwangushia adhabu ya kushushwa, kana kwamba mambo hayo yalifuatana. Kati ya Julai 1921 na Machi 1925 kuna karibu miaka minne, na katika miaka hiyo alizamisha meli nyingine (*Alabama* 1921, *Virginia* na *New Jersey* 1923), akatoa ushahidi bungeni, akaandika magazetini. Hakuonewa ghafla. Aliwachosha wakubwa wake taratibu.

Hukumu yenyewe: hatia kwenye shtaka na maelezo yote manane. Adhabu ikawa kusimamishwa cheo, uongozi na kazi kwa miaka 5 bila mshahara wala posho. Hakufukuzwa. Jopo lilisema wazi kwamba limekuwa pole kwa sababu ya utumishi wake vitani. Coolidge akairidhia Januari 1926 lakini akaruhusu nusu mshahara. Mitchell akajiuzulu tarehe 1 Februari. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini asibaki na kula nusu mshahara, jibu ni kwamba angebaki chini ya Kifungu kilekile cha 96, yaani amefungwa mdomo miaka 5.

BomaLaUpepo:
Naona *Shenandoah* imerukwa na bila hiyo hakuna kesi.

Ilikuwa meli ya anga ya jeshi la majini, ule mfano wa sigara wenye fremu ya chuma chepesi na mifuko ya gesi ndani, urefu mita 207. Ilijazwa heliumu, si haidrojeni, kwa hiyo haikuungua. Tarehe 3 Septemba 1925, karibu na alfajiri, ilikatika vipande ikiwa angani juu ya Ohio kwenye mstari wa dhoruba. Ndani walikuwa watu 43, wakafa 14, akiwemo nahodha Zachary Lansdowne. Siku mbili baadaye Mitchell akatoa taarifa yake.

Kilichoikata ni pepo zinazopanda na kushuka kwa nguvu mahali pamoja: mbele inanyanyuliwa, nyuma inavutwa chini, na mgongo mrefu namna ile haukuumbwa kukunjwa. Ubishi wa kiufundi ulikuwa kwenye vali. Meli ya anga ikipanda, hewa ya nje inapungua kanieneo na gesi ndani inatanuka. Mifuko ikishajaa lazima gesi itoke, la sivyo inasukuma fremu. Baadhi ya vali za kujifungua zenyewe zilikuwa zimeondolewa ili heliumu isipotee, maana ilikuwa ghali na adimu. Wakati dhoruba inairusha juu kuliko kimo chake, suala likawa kama gesi ilipata njia ya kutoka upesi vya kutosha.

Safari yenyewe ilikuwa ya maonyesho, kupita juu ya maonyesho ya sabasaba ya majimbo ya kati ili wananchi waione. Lansdowne alizaliwa Ohio, aliijua hali ya hewa ya kwao msimu ule na alikuwa ameomba safari isogezwe. Mjane wake, Margaret, alikuja kutoa ushahidi katika kesi ya Mitchell, na alieleza kwamba kulikuwa na jitihada za kumpangia la kusema kwenye uchunguzi wa jeshi la majini. Kwenye filamu anachezwa na Elizabeth Montgomery, na ndiyo filamu yake ya kwanza. Onyesho hilo lina uzito wa kweli, halikuhitaji chumvi na halikutiwa nyingi.

MrukaMawingu:
Hapo kwa "sabasaba" umenifurahisha, lakini ndiyo picha yenyewe hasa.

Niongeze kitu kidogo kwa kuwa wasomaji wengi ni wa kwetu. Miaka sita kabla ya *Ostfriesland*, ndege na meli ya kivita zilishakutana delta ya Rufiji. *Königsberg*, meli ya kivita ya Kijerumani, ilijificha mle kwenye mikoko, mizinga ya Waingereza haikuweza kuiona. Walichofanya ni kuweka ndege kisiwani Mafia, zikawa zinaruka juu na kuwaambia wapigaji mizinga wa meli zao, *Severn* na *Mersey*, risasi zimetua wapi. Tarehe 11 Julai 1915 ikaisha. Ndege haikuizamisha, ilikuwa jicho tu. Ukiweka Rufiji 1915 kando ya jaribio la *Ostfriesland* pwani ya Virginia 1921 unaona kitu ambacho Mitchell alikuwa anagombania: ndege iache kuwa jicho la mzinga, iwe mzinga.

FremuPana:
Najibu la nne, nakala.

Filamu ilipigwa kwa CinemaScope, upana 2.55 kwa kimo 1, rangi, dakika 100. Uingereza ilitoka kwa jina *One Man Mutiny*, kwa hiyo ukitafuta kwa jina moja ukakosa, jaribu hilo. Inayokata watu pembeni ni nakala iliyobanwa kwa ajili ya televisheni za zamani za mraba. Filamu hii hasa inaumia sana kwa ukataji huo. Preminger hapendi kukatakata picha. Anaacha kamera itulie, anaweka shahidi upande mmoja, mwendesha mashtaka upande wa pili, na majenerali nyuma wamejipanga kama meno. Ukikata pembeni unabaki na mtu anayejibu swali la mtu asiyeonekana.

Namna ya kuangalia: fungua faili au diski, tazama kama kuna michirizi mipana myeusi juu na chini. Kwenye televisheni ya kawaida ya sasa, picha kamili inatakiwa ichukue kama asilimia 70 ya kimo cha kioo. Ikijaza kioo chote, ama imekatwa, ama televisheni yenyewe inaivuta. Nenda kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, uondoe "kuza" au "jaza", weka "halisi". Nyuso zikiwa nyembamba kama zimevutwa juu, tatizo ni mpangilio. Nyuso zikiwa sawa lakini watu wamekatika mabega, tatizo ni nakala, na hilo halitibiki.

Ukumbini, pima upana wa pazia ugawe kwa 2.55. Pazia la mita 3 linakupa picha ya kimo cha mita 1.18 tu, kwa hiyo usiliweke chini ukidhani litajaa. Safu ya mbele itaziba yote. Pandisha ukingo wa chini wa picha juu ya vichwa vya waliokaa. Maandishi ya tafsiri, kama unayo, yaweke ndani ya ule mchirizi mweusi wa chini, yasifunike nyuso.

Kwa mjadala, simamisha mara mbili. Kwanza pale mahakama inapobishana kama ushahidi wa ukweli upokelewe. Waulize wanafunzi wangeamuaje kabla hawajaona uamuzi. Pili, kabla Rod Steiger hajaanza kumhoji Mitchell. Anayemwigiza ni Meja Allen Gullion, mtu wa kweli, aliyeongezwa upande wa mashtaka kumpa nguvu Kanali Moreland. Steiger anakula kila sekunde ya dakika zile. Cooper naye anamcheza Mitchell mpole, mwenye maneno machache, jambo ambalo kila aliyesoma kuhusu Mitchell atalikataa: yule bwana alipenda kamera, sare za kujishonea na vichwa vya habari. Wanafunzi wasiolijua hilo hawataelewa kwa nini majenerali walimchukia kiasi kile, maana mtu anayeonyeshwa hapo hana la kuchukiwa.

PaziaJeupe:
Nimeikagua: mabega yamekatika, nyuso ziko sawa. Basi ni nakala. Natafuta nyingine kwa lile jina la Uingereza.